Mstari wa Asilimia Sitini na Moja

Nimelinda seva za watu kwa miaka tisa, na nilichojifunza ni kwamba binadamu akishindwa kufanya kazi yake, wa kwanza kusingiziwa ni mashine. Kompyuta ilikwama. Mfumo uligoma. Hutamsikia mtu akisema nilikuwa nachati na shoga yangu, au nilipitiwa. Mashine haina mdomo wa kujitetea, basi wanaibebesha kila uchafu, halafu mimi ndiye ninayepigiwa simu.

Kazi yangu yenyewe hata bosi wangu Tony hawezi kuieleza, na kampuni ni yake. Ofisi iko Lewisham juu ya duka la mazulia, vyumba viwili na choo kinachovuja. Mashine tunazolinda hazipo hapo. Zipo kwenye ghala moja nje kabisa ya London ambako sijawahi kukanyaga. Mimi hukaa mbele ya skrini tatu nikizitazama kwa mbali, na ninachotazama kuliko vyote ni memori. Kila programu ikifanya kazi hukalia sehemu ya memori ya mashine, na memori ikijaa hakuna pa kuweka kingine, hapo balaa linaanza. Kwa hiyo ndani ya kila seva nimeweka kiprogramu kinachopima memori iliyotumika na kunitumia namba kila dakika. Namba zinachorwa mstari kwenye chati. Zikipita asilimia tisini, king'ora kinalia nami naamka kitini. Ukiniuliza mimi, ni kazi ya watu wenye akili. Ukimwuliza shemeji yangu kule Moshi atakuambia Ambrose yuko Ulaya anatengeneza simu.

Wateja wetu ni nyumba za kutunzia wazee, jumla kumi na nne. Zamani wahudumu waliandika kwenye karatasi mzee gani kapewa dawa gani saa ngapi. Siku hizi wanabonyeza kwenye kishikwambi na rekodi inakuja kwenye seva. Wanaobonyeza wengi ni watu wetu hawa hawa, Wakenya, Wazimbabwe, Waghana, Watanzania waliokuwa walimu kwao. Siwadharau. Nasema tu kwamba mtu anayebonyeza kitufe kile kile mara arobaini kwa siku, kuna siku hatakibonyeza, na siku hiyo nitasikia mfumo uligoma.

Sasa Jumapili moja baada ya misa akaja Mumbi. Ni Mkenya, anaimba kwaya moja na mke wangu Placida kule Thornton Heath, na ni mhudumu huko huko, kwenye mojawapo ya nyumba zile kumi na nne. Siku nyingine akija huwa anaanza na kelele mlangoni. Siku hiyo aliingia kimya, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti.

"Baba Haika, mimi nimesimamishwa kazi," alisema. Haika ni binti yetu, na Mumbi hajawahi kuniita kwa jina lingine.

Placida alimwekea sahani. Mimi niliendelea kula ndizi zangu, kwa sababu zikipoa hazifai.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kwenye ile nyumba kuna mzee anaitwa Darshan, Mhindi wa Kisumu, miaka themanini na sita, ambaye hupenda zamu za Mumbi kwa sababu wanaongea Kiswahili. Mzee ana kifafa. Dawa yake ya jioni ni saa kumi na mbili. Jumamosi ile, siku moja tu kabla, kifafa kilimshika usiku akiwa anatoka chooni, akaanguka na kuvunjika nyonga. Binti yake, Alka, alifika hospitalini akauliza swali ambalo hata mimi ningeuliza: dawa ya saa kumi na mbili alipewa? Wakafungua rekodi. Hakuna kitu. Kwa mujibu wa seva yetu, Mumbi hakumpa mzee dawa.

"Nilimpatia," Mumbi alisema. "Nakumbuka kabisa. Nikabonyeza save, ile tablet ikazunguka zunguka, halafu kengele ya room ya pili ikalia nikakimbia. Niliporudi nikapata skrini imerudi mwanzo. Nikajua imeingia."

"Ulijua au ulidhani?"

"Ambrose," Placida aliniita.

"Namwuliza tu. Na dawa iliyobaki? Si wahesabu vidonge?"

"Ni dawa ya maji. Unavuta kwa chupa na ile sindano haina ncha. Hakuna tembe za kuhesabu. Na mzee mwenyewe hawezi kukuambia kama amekunywa chai." Alinitazama. "Wewe ndio unakaa na hizo mashine. Niangalilie tu hiyo Jumamosi. Wakisema sikumpatia, hiyo kazi imeenda. Wataniweka kwa ile orodha, sitagusa mzee wala mtoto nchi hii tena. Na viza ni yao. Nitapewa siku sitini nitoke."

Nitasema ukweli nilivyoona wakati ule. Niliona mwanamke aliyesahau, na aliyekwisha kujiaminisha kwamba hakusahau. Nimewaona wengi. Hata kile Kiswahili chake cha Nairobi kilikuwa kinanikera, hizo room na save katikati ya sentensi. Hata hivyo nilifuta mikono, nikafungua laptop pale pale mezani, kati ya bakuli na pilipili, nikaingia kwenye chati ya seva yao na kuchagua Jumamosi. Ilinichukua dakika mbili. Nikamgeuzia skrini.

"Unaona huu mstari? Hii ndiyo memori ya mashine yenu siku nzima ya Jumamosi. Saa kumi na mbili jioni ni hapa. Asilimia sitini na moja. Ilikuwa na nafasi ya kupokea rekodi zako na za jirani zako wote. Mashine ikielemewa huu mstari unapanda mpaka juu, na mimi nasikia king'ora. Sikusikia."

Alisogea, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya ile saa kumi na mbili. "Kwa hivyo ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa kabisa. Mashine haina sababu ya kukusingizia, Mumbi. Haikujui."

Aliondoa kidole. Hakugusa chakula, na Placida alimfungia kwenye kontena, Mumbi akaondoka nacho. Mke wangu hakunisemesha mpaka usiku, nami nikaona ni mambo ya wanawake wa kwaya.

Jumatatu ikaja barua pepe kutoka kwa Lorraine, meneja wa kanda wa hizo nyumba za wazee. Alitaka maelezo rasmi kuhusu hali ya seva Jumamosi jioni, kwa ajili ya kikao cha nidhamu ambacho kingekaa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Tony alinitumia akiongeza neno moja juu yake: haraka. Niliandika barua kwa robo saa. Mimi Kiingereza changu cha barua hakina mpinzani pale ofisini, Tony huandika kama mtu anayejikuna. Nikasema seva ilikuwa na afya njema muda wote unaohusika, memori haikuzidi asilimia sitini na moja, na hakuna sababu ya kiufundi ya rekodi kupotea. Nikaweka sahihi. Mumbi alipewa nakala yake jioni ile ile, kama taratibu zinavyotaka.

Wiki ikapita. Jumanne, siku mbili kabla ya kikao, Tony alisimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha kahawa.

"Lorraine anataka picha ya chati ya kubandika kwenye faili," alisema. Namtafsiri hapa, kwa Kiingereza huongea vibaya zaidi. "Ikuze. Ya siku nzima haisomeki. Mpe saa mbili tu, na iwe na rangi nzuri."

Rangi nzuri. Watu wanavunjika nyonga, yeye anataka rangi nzuri. Nikaikuza. Nikachagua kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja jioni, mstari ukatanuka kwenye skrini yote, nami nikausogelea.

Mstari wa memori haunyooki. Hata mashine ikiwa haina kazi yoyote, mstari wake unatetemeka, sitini nukta nane, sitini na moja, sitini nukta tisa, kwa sababu ndani humo daima kuna kitu kinaingia na kingine kinatoka. Ukiutazama siku nzima kwa pamoja huoni, unaona kitu kimelala tu. Lakini hapa ulitetemeka mpaka saa kumi na moja na dakika arobaini na moja, kisha ukanyooka kama umepigwa rula, ukishuka taratibu mpaka saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne, kisha ukaanza kutetemeka tena. Dakika hamsini na tatu za rula.

Nilijua ni nini kabla sijatafuta. Nilitafuta hata hivyo, kwa matumaini ya kijinga. Kila seva huandika shajara yake yenyewe, mistari maelfu kwa maelfu ambayo hakuna anayeisoma mpaka pawe na msiba. Nikaifungua ya Jumamosi ile. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na ripoti ya mwezi ya nyumba zote kumi na nne ilikuwa imeanza kutengenezwa wakati wahudumu wanaingiza dawa za jioni. Memori ilijaa yote ndani ya sekunde ishirini. Mashine ikifika hapo haiombi ushauri, inachagua programu na kuiua ili ipate nafasi. Iliua ile inayopokea rekodi za dawa, na rekodi za wazee wengine za saa ile nazo hazikuingia, ila wao hawakuanguka, basi hakuna aliyezitafuta. Haikutosha. Ikaua na kile kiprogramu changu kinachopima memori.

Kwa hiyo kwa dakika hamsini na tatu hakuna namba iliyonifikia. King'ora changu hulia namba ikipita tisini. Namba isipokuja kabisa, hakina cha kulilia. Na chati ilipokosa namba, ilichukua ya mwisho kabla ya kifo na ya kwanza baada ya kufufuka, ikaziunganisha kwa mstari mmoja mzuri.

Chati hazifanyi hivyo zenyewe. Zikikosa namba huacha pengo, mahali peupe, kila mtu aone kwamba hapa hatujui. Miaka miwili nyuma wateja walilalamika kwamba mapengo yanawatia wasiwasi. Tony akaniambia niyaondoe. Mtu mwenye akili angetafuta kwa nini mapengo yanatokea. Mimi nilifungua mipangilio ya chati, nikatia alama kwenye kisanduku kimoja kinachosema unganisha nukta. Sekunde kumi. Tony alininunulia keki ya ndimu nami niliila yote peke yangu.

Nilimwita Tony, nikamwonyesha. Alitazama skrini, akatazama mlango kama kuna mtu anasikiliza kule chini kwenye mazulia.

"Nani ameuliza?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe."

"Basi mpe ile picha ya siku nzima, hii ya karibu iache." Alishusha sauti. "Wakijua chati zetu zinajichorea, tumepoteza nyumba zote kumi na nne. Na wewe umo, Ambrose, sahihi ni yako. Barua inasema memori haikuzidi sitini na moja. Katika vipimo vilivyopokelewa, ni kweli haikuzidi."

"Barua haisemi katika vipimo vilivyopokelewa."

"Lakini tunaweza kusema ilimaanisha hivyo."

Nimewahi kufanya kazi na wajinga, na nimewahi kufanya kazi na waoga, lakini Tony ni mtu aliyejaliwa vyote na bado ana nafasi. Nilimtazama akirudi ofisini kwake na kahawa yake. Halafu nilifanya nini mimi, mwenye akili? Nilituma picha ya siku nzima, nikarudi kwenye kiti, nikafunga shajara.

Nilijiambia napanga maelezo. Haikuwa hivyo. Kilichonikaba ni kwamba nilimgeuzia yule mwanamke laptop mezani kwangu, mbele ya mke wangu, nikampa mhadhara. Katika miaka tisa sijawahi kumwambia mtu nimekosea kuhusu mashine, na huyo wa kwanza ndiye awe mwimba kwaya anayeita chumba room. Niliona aibu, na aibu yenyewe niliigeuza hasira kwake. Angeandika kwenye karatasi kishikwambi kilipokwama, si tungekuwa salama wote?

Jumatano Mumbi alinipigia mara tatu, saa saba, saa saba na nusu, saa tisa. Sikupokea. Baada ya ile ya tatu akatuma ujumbe: Baba Haika, kuna kitu kimoja tu nataka kukuuliza, ni dakika moja. Niliilaza simu kifudifudi na kuendelea kutazama seva za watu wengine.

Jioni Placida alirudi kutoka zamu ya hospitali, miguu imevimba, akakaa kula. Nami, sijui ni shetani gani, nikaanza kumsimulia. Nilimsimulia kama fumbo. Jinsi mstari ulivyonyooka, jinsi nilivyoshtuka, jinsi mashine inavyochagua nani wa kuua. Nilikuwa nafurahia kabisa ninavyoeleza. Aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo Mumbi alimpa mzee dawa."

"Hatujui kama alimpa. Tunajua rekodi isingeweza kuingia hata angebonyeza mara mia."

"Umegundua lini?"

"Jana mchana."

"Na Mumbi umemwambia lini?"

Nilisema napanga maelezo. Nikasema mambo haya yana utaratibu, kuna Tony, kuna mkataba na wateja. Placida alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wewe kila mtu kwako ni mjinga," alisema. "Wahudumu wajinga, Tony mjinga, kaka yangu kule Moshi mjinga. Haya, leo mjinga ni nani?"

Alichukua simu akampigia Mumbi. Ilikuwa imezimwa. Alijaribu tena baada ya kuoga, ikawa vile vile. "Kesho utakwenda mwenyewe," aliniambia. "Usipokwenda nitakwenda mimi, na nitakuita kwa jina lako lote mbele ya wazungu."

Nilikwenda. Alhamisi saa nne kasoro nilikuwa Thornton Heath na bahasha kifuani, shajara ya seva imechapishwa, ile dakika ya kifo nimeipigia mstari mwekundu. Tony nilimtumia ujumbe nikiwa kwenye basi, akajibu kwa neno ambalo silitafsiri. Kikao kilikuwa kwenye chumba cha kulia cha wazee, viti vyenye mito ya plastiki, harufu ya kabichi iliyochemshwa tangu jana. Lorraine alikuwa mwisho wa meza na faili lake, mwanamke mkubwa wa mwili, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Mumbi alikaa upande wa pili, peke yake. Alikuwa amekonda usoni kwa siku kumi na moja tu.

Aliniona nikiingia wala hakushangaa. Aliinamisha kichwa kidogo, kama unavyomsalimia mtu msibani.

Nilimwomba Lorraine dakika kumi, nikamweleza yote kwa Kiingereza changu kile cha barua. Nilimwonyesha chati ya karibu, kisha shajara. Nilitegemea awe mzito wa kuelewa, nikawa nimeandaa mfano wa kabati na nguo. Hakuuhitaji.

"Kwa hiyo hizi dakika hamsini na tatu hazikupimwa," alisema. "Huu mstari ni wa kubuni."

"Ndiyo."

"Nani aliubuni?"

"Mimi," nikasema. "Niliwasha mpangilio unaoziba mapengo. Na barua ile ya sahihi yangu si kweli. Naiondoa."

Nitakiri nilijisikia vizuri. Nilijiona mwanamume. Nilimgeukia Mumbi nikitegemea machozi, au angalau ahsante, na nilikwisha kuiandaa sura ya kuipokelea. Alikuwa anatazama meza.

Lorraine alivaa miwani na kutoa karatasi moja kutoka chini ya faili. "Hii Mumbi aliileta hapa jana saa kumi jioni," alisema, akaisogeza mbele yangu.

Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, herufi za shule, safi. Mumbi alisema amesoma ushahidi wa kompyuta kwa siku tisa. Alisema mtaalamu anayemfahamu na kumheshimu alimwonyesha mwenyewe kwamba mashine ilikuwa nzima. Kwa hiyo lazima ni yeye aliyesahau, ingawa hakujua alisahau vipi. Alimwomba msamaha mzee Darshan, na akamwomba msamaha Alka, kwa maumivu aliyowasababishia.

Saa kumi jioni. Simu yake ya tatu ilikuwa saa tisa. Mimi nilijua tangu Jumanne.

"Nilitaka tu kukuuliza," Mumbi aliniambia kwa Kiswahili, bila kuinua macho, "kama kuna siku hiyo mashine inaweza kukosea. Hiyo tu. Ungeniambia ndio ama la."

Nilimrudishia Lorraine ile karatasi.

Lorraine aliichukua ile barua, akaikunja mara mbili. "Naweza kuiweka kando," alimwambia Mumbi, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyomdhania. "Uliiandika kwa kuamini chati isiyo ya kweli. Mashine sasa haina la kusema, na chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Kilichobaki ni neno lako. Una miaka sita hapa na sina hata doa moja kwenye faili lako. Ukiniambia ulimpa dawa, nitalichukua neno lako, kesho unarudi kazini. Sitauliza mara mbili. Ulimpa?"

Nilimtazama Mumbi kwa nguvu zote. Lilikuwa neno moja tu. Lile lile alilolisema mezani kwangu siku ya kwanza, bila kusita, kabla sijamfungulia laptop.

Alikunjua viganja vyake juu ya meza, akavitazama. Kisha akaongea, kwa Kiswahili, na alikuwa anaongea na mimi.

"Nilikuwa nakumbuka, Baba Haika. Nilikuwa naona kila kitu, hadi vile mzee alivyofungua mdomo. Halafu kila usiku nasoma hiyo barua yako, nasema hapana, nilimpatia. Nasoma tena. Nikaanza kujiuliza. Si kila jioni nampatia? Si kila jioni anafungua mdomo vile vile? Sasa hiyo nakumbuka sijui ni ya Jumamosi ama ni ya Ijumaa. Nimejaribu. Sijui tena."

 Kule jikoni mtu alikuwa anaosha sufuria.

"Amesema nini?" Lorraine aliniuliza.

Katika chumba kile, ukimwondoa Mumbi, ni mimi tu niliyeelewa. Kazi yake, viza yake, jina lake, vyote vilikuwa vinasubiri kalamu ya yule mama.

"Anasema alimpa," nikajibu. "Ana uhakika."

Mumbi aliinua uso. Siku zote hizi nilikuwa nimemwona akiwa na hofu, na akiwa amechoka. Sasa alinitazama kama unavyotazama kitu ulichokikanyaga barabarani, halafu akamgeukia Lorraine na kusema kwa Kiingereza, polepole, asije mtu akamkosea tena.

"Sikusema hivyo. Nimesema sijui."

Lorraine alifungua faili, akashika kalamu. Kisha akaandika hilo.